Kengele Chini ya Boneti

Benjamini wa Butiama, rafiki yangu na ndugu katika sala, ndiye aliyenisimulia haya. Injini ya gari lake ilinoki ghafla, ikafa kabisa, na fundi akadai milioni tatu aweke nyingine. Ili kujazia fedha hizo, Benjamini akamuuza kwa siri ng'ombe pekee wa Rebeka, mjane wa kaka yake, na ng'ombe huyo akachinjwa siku ileile. Nilimkemea, kwa maana Bwana ni mwamuzi wa wajane. Nikamlilia pia, kwa maana gari lile lililisha watoto saba.

Alipolichukua gari gereji Bunda, alirudi pamoja na Rebeka. Wingu la mvua likatia giza barabara, na injini ikazimika. Katika kimya kile kengele ikalia, polepole, chini ya boneti.

"Shemeji, hiyo si kengele ya ng'ombe wangu? Ulisema kapotea malishoni."

"Ni vyuma tu, shemeji. Injini mpya hulialiaga hivyo."

"Basi fungua, tuone."

Akafungua. Kengele ikanyamaza. Injini ilikuwa baridi kama jiwe, na juu yake palikuwa na bonge la majani mabichi yaliyocheuliwa, yaliyolowa mate, yangali na joto.