Kichujio cha Bi Loretta

Haya yalimpata rafiki yangu Wendell, mkaguzi wa nyumba zinazouzwa katika mji wa jangwani wa Tucson. Julai moja alikagua nyumba ya Bi Loretta, aliyefiwa na mumewe Aprili na sasa alikuwa akiiuza. Alizima umeme, akapanda darini na tochi, akawa anamtajia Bi Loretta, aliyebaki chini, sehemu za kiyoyozi: feni, koili ya kupozea hewa, sinia la kukinga maji. Katika giza lile, bomba la hewa lilikuwa bado likivuma taratibu.

"Mama, kichujio cha hewa hubadilishwa na nani?"

"Alikuwa mume wangu Roy, kwa ajili ya pumu yangu. Tangu afe hakuna aliyekigusa."

Wendell alikichomoa, akamshushia. Kilikuwa kipya, cheupe pe. Loretta alilia kimyakimya, akipapasa mwandiko wa mumewe pembeni mwa kichujio: tarehe ya jana.