Bahasha ya Tano

Nilitumwa dukani kununua bahasha nne, jua likiwa limeshaanza kuzama. Idadi hiyo ishikwe vizuri.

Muuza duka alipekua chini ya meza yake ya kioo. "Zimebaki nne tu, dada. Ungechelewa ungekosa." Akazipangusa vumbi, akanikabidhi. Nilizihesabu pale pale, nikazihesabu tena nilipofika mlangoni kwetu. Ndivyo nilivyo. Mimi ndiye ninayetunza daftari la ukoo: nani kazaliwa lini, nani kafa saa ngapi, na kafa vipi.

Aliyenituma alikuwa mjomba wangu, mwandishi. Mtaani walimwita Mzee Thibitisha. Kazi yake ilikuwa kwenda palipotajwa jini, mzimu au uchawi, kukaa hapo mpaka amnase mhusika, kisha kumwandika gazetini. Ukuta uliokuwa ukilia kwa fundi cherehani alikuta una bomba lililopasuka. Mawe yaliyoangukia bati la mjane mmoja yalirushwa na mpangaji wake mwenyewe. "Kila mzimu una miguu," alikuwa akisema, "na ukichungulia vizuri, miguu hiyo imevaa kandambili."

Safari hii mzimu ulikuwa kwetu.

Babu alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na chumba chake kilifungwa. Lakini kila jioni, giza likianza kuingia, fimbo yake ilisikika humo ndani. Kisha harufu ya dawa yake ya kuchua ilipita ukumbini, kali, kana kwamba mtu kafungua chupa. Mtoto wa kaka yangu aliposhikwa na homa, wifi yangu akalitamka neno ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. Mchawi. Alimaanisha shangazi, binti wa Babu, aliyemuuguza miaka sita na aliyevaa ufunguo wa chumba kile shingoni.

"Baba yake anakata roho, yeye hayupo," wifi alisema. "Alikwenda wapi?"

"Nilikwenda kumchukulia dawa," shangazi akajibu. "Niseme mara ngapi?"

Kaka alikwisha kuamua: kesho asubuhi shangazi ahame. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, naye hakuwa na pengine pa kwenda.

"Nipeni jioni hii moja," Mjomba alisema.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila mmoja anafungiwa chumba chake akiwa na karatasi, kalamu na bahasha. Anaandika alichosikia, analamba gundi, anafunga, anatia sahihi juu ya mdomo wa bahasha. "Mwenye hila huandika kurasa mbili," alisema. "Aliyeogopa kweli huandika mistari mitatu."

Kaka akacheka. "Mjomba, hata mchawi unampa kalamu?"

"Tena yeye wa kwanza."

Tulikuwa wanne: kaka, wifi, shangazi na mimi. Mjomba alichukua ufunguo wa shangazi, akakagua chumba cha Babu mpaka chini ya kitanda, akakifunga, akaweka kiti chake mbele ya mlango.

Nilikaa kitandani. Dirishani mwanga uligeuka kijivu.

Kimya...

Tok.

Tok... tok...

Halafu harufu.

Niliandika mistari mitatu.

Mjomba alipita mlango kwa mlango akikusanya, akitia mfukoni. Tulipokutana ukumbini akazitoa moja moja, akizihesabu kwa sauti na kuziweka mezani. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Mkono ukasita mfukoni.

"Tano."

Akanigeukia. "Ulinunua ngapi?"

"Nne, Mjomba."

"Mna bahasha nyingine humu ndani?"

"Kama zingekuwepo ungenituma?"

Akafungua zetu kwanza. Kila mmoja wetu alikuwa ameandika mistari mitatu. Hata shangazi. Kisha akaishika ya tano. Alipogusa mdomo wa bahasha, alifuta kidole kwenye suruali. Niliona mwandiko kabla hajasoma. Herufi zililala nyuma, kama za mtu anayetumia mkono wa kushoto. Kurasa za mwanzo za daftari la ukoo zimejaa mwandiko huo.

Mjomba akasoma, na kila neno sauti yake ilizidi kushuka.

"Nimesikia wanne wakiandika. Binti yangu alikuwa mbali, msimfukuze. Jioni ile niliita maji mara tatu. Waliosikia hawakuja."

Mimi nilisikia. Mara zote tatu. Nilikuwa napiga pasi, nikajiambia wifi atakwenda. Na daftarini niliandika kwa mkono wangu: *alifariki usingizini*. Miezi miwili nilidhani siri hiyo ni yangu peke yangu.

Nikainua macho. Kaka alikuwa akitazama sakafu. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Hakuna aliyeuliza ni nani.

Kaka akaondoka taratibu, akalichukua lile begi mlangoni, akalirudisha chumbani kwa shangazi.

Mjomba alinifuata uani. "Mwandiko wa mzee unaujua wewe," alinong'ona. "Umefanya kwa huruma, mpwa wangu. Mimi niambie tu."

"Sikuandika mimi."

"Basi bahasha zilikuwa ngapi?"

Swali hilo aliniuliza kila tulipoonana, kwa mzaha, macho yake yakiwa hayana mzaha. Visa vingine aliviandika vyote. Hiki hakukiandika. Hata hospitalini, siku zake za mwisho, alinivuta karibu. "Ngapi?"

"Nne, Mjomba."

Akatabasamu kama aliyemnasa mwizi. Lakini mkono wangu hakuuachia.

Shangazi bado anaishi nasi. Fimbo haijasikika tena. Daftarini nimelikata neno *usingizini*, nikaandika *akiita maji*. Bahasha ya tano nimeihifadhi kwenye ukurasa huo huo, ndani ya kabati kavu, mwaka wa kumi na tatu sasa.

Jana niliigusa.

Mdomo wake bado umelowa.