Kivuko Pasipo na Mto

Kila asubuhi Minza alipita Kivukoni akienda kisimani, na kila asubuhi jina lile lilimsumbua. Kivuko gani? Palikuwa na majani mafupi na vumbi tu. Mto wenyewe ulikuwa mbali.

Yeye na mumewe, Nkwabi, walikuwa wamehamia kijijini na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Nkwabi alipapenda sana Kivukoni. Alishafyatua matofali, akapigilia vigingi na kufunga kamba za msingi.

"Mahali pazuri hivi, mbona wenyeji hawajajenga?" Minza aliuliza.

"Ni bahati yetu. Jina halijengi nyumba, mama Jeremia."

Lakini Minza akishikwa na swali, hata ugali haumpiti kooni. Akaenda kwa jirani yao, bibi Apolonia, Mndamba aliyezaliwa palepale. Alimkuta akipepeta mpunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wenu wameniachia mpunga leo?"

Minza akacheka. Alishauzoea utani wa bibi. "Bibi, kwa nini pale panaitwa Kivukoni?"

Apolonia akaweka ungo chini. "Tangu mje, hakuna aliyeniuliza. Chukua jembe, twende."

Walipofika, bibi akamwonyesha pa kuchimba. Chini ya udongo mweusi ukatokea mchanga mweupe, na ndani yake makombe ya konokono wa mtoni. Minza akayageuza kiganjani kwa mshangao.

"Baba yangu alivusha watu hapa kwa mtumbwi," bibi alisema. "Wengine walitoka Kiberege, wengine walikwenda harusini ng'ambo. Kijiji chote kilikuwa huku. Ikaja mvua kubwa, mto ukahama, nasi tukahamia kule kwenye mwinuko."

"Si mto umeshahama basi?"

"Mto ukihama hausahau njia yake. Mvua ikizidi huko milimani, maji hurudi kupitia hapa. Sisi huku tunalima mpunga. Hatulali huku."

Minza aliogopa. Akilini aliona kitanda cha watoto wake mahali pale aliposimama.

Nkwabi hakutaka kusikia. "Hadithi za wazee," alisema. Minza akammiminia yale makombe mkononi. Kesho yake Nkwabi alikwenda mwenyewe na jembe, akachimba hapa, akachimba pale. Kote mchanga.

"Matofali yote haya tuyahamishe?" aliuliza kwa unyonge.

"Maksai tunao, na mkokoteni tunao," Minza alijibu.

Bibi aliwapeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakapewa kiwanja kwenye mwinuko. Majirani wakaja kusaidia kubeba, na nyumba ikaezekwa kabla ya masika.

Masika yale mvua ilinyesha milimani bila kupumzika. Asubuhi moja Kivukoni pakawa maji matupu, yakienda kwa kasi. Yalipotulia, Apolonia aliwavusha Minza na Nkwabi kwa mtumbwi kwenda kutazama shamba lao upande wa pili. Katikati ya safari bibi akazamisha pondo lake refu la kusukumia mtumbwi, nalo likamezwa na maji karibu lote.

"Nkwabi, hapa ndipo ulipofunga kamba zako."

Nkwabi, aliyekuwa ameng'ang'ania kingo za mtumbwi, aliyatazama maji. Minza alimshika bega.

"Bibi," Nkwabi alisema taratibu, "na kule tunakolala sasa kunaitwaje, na kwa nini?"

"Nitakueleza," Apolonia alisema. "Kwanza acha kuutikisa mtumbwi."