Vifuko Sita vya Boksi la Kumi na Tisa

Kila alasiri, akitoka shule, Lutfa aliosha miguu kisimani, akala bisi za mchele kwa kitunguu na pilipili mbichi, kisha akavuka ua kwenda kwenye banda la chama cha akina mama. Humo ndimo yalimoshonwa matandiko ya kantha, sari kuukuu zikipangwa moja juu ya nyingine na kupigwa sindano mpaka zikawa nzito kama blanketi. Kazi ya Lutfa ilikuwa ndogo, lakini ya kuaminiwa. Katika kila boksi la kusafirishwa aliweka vifuko sita vyenye chembe za kukausha unyevu, akatia alama kwenye orodha, ndipo boksi likafungwa. Ulikuwa mwezi wa Ashar, mwezi wa masika, mvua hainyamazi huko kwao Jamalpur, na mzigo ulikuwa na safari ya siku arubaini baharini, kutoka bandari ya Chattogram hadi Ujerumani.

Mwaka ule kazi hiyo ilimtumbukia nyongo. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameomba kitambaa kimoja kilichoshonwa na mwanafunzi, akitundike ukutani dukani kwake kikiwa na jina la mshonaji pembeni. Lutfa alishona tembo. Shopna, binti wa baba yake mdogo, umri wao mmoja na ua wao mmoja, alishona korongo amesimama bwawani. Akina mama walitazama, wakanong'onezana, wakachagua korongo. Bibi yao, ambaye hajui kutafuna maneno, alisema tembo naye si mbaya, ila anafanana na ng'ombe aliyemeza ndoo. Banda zima likaangua kicheko.

Lutfa alicheka nao, lakini ndani aliungua. Mishono yake ilikuwa midogo kuliko ya Shopna. Alikuwa ameipima kwa rula. Tangu siku hiyo kila alichofanya Shopna kilimkera, alivyosuka nywele, alivyojibu maswali ya hesabu, hata alivyopiga chafya. Kibaya zaidi, Shopna hakujigamba hata kidogo. Angejigamba, Lutfa angepata la kumshika nalo. Lakini wahenga walisema, hasidi hana sababu.

Siku ya kufunga mzigo, korongo aliwekwa juu kabisa katika boksi la kumi na tisa. Lutfa alihesabu vifuko sita, akatazama huku na huku, akavifunga kwenye ncha ya mtandio wake. Kwenye orodha akatia alama kama kawaida. Alijiambia kwamba korongo akipata madoa mawili matatu ya kuvu, dunia haitapasuka. Akaenda kuvificha vile vifuko nyuma ya pipa la mchele, akalala.

Asubuhi lori likafika. Wapakiaji walipokuwa wakipanga maboksi, Mzee Harun, dereva, alikunywa chai barazani na kusimulia habari za bandarini, kama desturi yake. Alisema kontena ni chuma tupu. Mchana linachomwa na jua, usiku linapoa, basi kwa ndani hutoka jasho kama mtu mwenye homa, na matone yakaudondokea mzigo. Aliwahi kuona kontena lililorudishwa kutoka ng'ambo. Boksi moja tu ndilo lililoingia na unyevu, lakini harufu ya kuvu ilikuwa imeshika mzigo wote.

Lutfa aliweka kikombe chini. Akakimbia nyumbani, akasogeza pipa. Chembe zile, ambazo jana zilikuwa za buluu, zilikuwa zimegeuka waridi. Usiku mmoja tu, tena chumbani, zilikuwa zimekunywa unyevu mpaka zikashiba. Siku arubaini je?

Akasimama na vifuko mkononi. Mama yake alikuwa na matandiko matatu katika mzigo ule, aliyoyashona mpaka macho yakawa yanamchuruzika machozi. Washonaji wengine wenye kazi humo walikuwa thelathini na wanane. Na mnunuzi alikwisha kuandika kwamba mzigo wa mwaka jana ulinuka unyevu kidogo. Huu nao ukinuka, hataagiza tena. Lutfa angeweza kunyamaza, kwani orodha ilikuwa na alama na hakuna ambaye angejua.

Alipofika nje, turubai la lori lilikuwa linafungwa. Boksi la kumi na tisa lilikuwa ndani kabisa, nyuma ya mengine zaidi ya sitini. Dada Monowara, kiongozi wa chama, alikuwa akimhimiza dereva aondoke, kwa sababu kontena lingepigwa lakiri bandarini kesho yake mchana, na likishapigwa lakiri halifunguliwi tena mpaka mwisho wa safari.

"Dada Monowara," Lutfa alisema, "boksi la kumi na tisa halina vifuko. Sikusahau. Nilivitoa mimi."

Monowara alivitazama vile vifuko vya waridi, kisha akamtazama yeye. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya korongo."

Mama yake Lutfa aliinamisha uso. Mzee Harun akakung'uta masalia ya chai, akafungua kamba za turubai. "Haya, shusheni," alisema. "Leo nitajua mgongo huu nilipewa wa nini."

Mvua haikuwasubiri. Wanawake walishika turubai juu ya vichwa, na maboksi yakashushwa moja moja mpaka barazani. Lutfa alibeba bila kunyanyua macho. Alipoyanyua, akaona kwamba aliyeshika upande wa pili wa boksi lake ni Shopna.

"Ungenitukana tu," Shopna alisema, "nami nikakutukana, tukamaliza."

"Ningeanzia wapi? Hukunikosea kitu."

Shopna hakuliachia boksi.

Boksi la kumi na tisa lilitiwa vifuko vipya. Lutfa aliapa kwamba mengine yote yalikuwa salama. Hata hivyo Monowara alifungua mengine matatu mbele yake, akahesabu mwenyewe, na Lutfa alijua kwamba Monowara alikuwa na haki ya kutomwamini. Kesho yake simu ikapigwa kutoka bandarini: mzigo umewahi, kontena limefungwa likiwa kavu.

Jioni hiyo Monowara alimwita jikoni. Alikuwa amezimimina chembe za waridi kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Lutfa akachutama kando yake. Polepole, chembe moja baada ya nyingine, rangi ya buluu ilirudi.

"Wivu ni kama unyevu wa Ashar, mwanangu," Monowara alisema. "Utaingia tu, hata mimi huniingia. Kosa ni kuufungia ndani ukasafiri nao, maana hauharibu cha mwenzako peke yake. Ukiusikia, uanike mapema, kama ulivyouanika jana mbele ya watu." Akampa kikaango. "Sasa zirudishe kwenye vifuko. Mzigo ujao, vifuko utahesabu wewe, na Shopna atahesabu baada yako."