Mashine Yangu Ilikata Upande Mmoja Tu

Nina miaka thelathini na nane, ninakaa Kisangani, na majirani wananiita Madame Salon, yaani Bibi Sebule, kwa sababu sipendi kutoka nyumbani. Bon, wako na haki. Hata sokoni natuma mtu!

Kwa hiyo bwana yangu, Papa Dorcas, aliponiletea mashine ya laser ya kukatia faire-part, zile kadi za mwaliko wa harusi, katika triplex, mbao nyembamba, nilicheza. Kazi ndani ya nyumba! Niombe nini tena?

Fundi aliyeifunga alinionyesha vioo vinavyopokezana ule mwanga usioonekana. Kimoja, chenye rangi ya shaba, alikiheshimu kuliko vyote. Alisema mwanga wa laser unatetemeka upande mmoja, njo wanaita polarisation. Kioo hiki kinauzungusha ili ukate sawa pande zote. Kikisogea kidogo, kazi imekufa.

Kilikaa sawa muda mrefu. Halafu, asubuhi moja... mistari ya urefu safi, ya upana mshazari na imeungua. Herufi O ilitoka kama yai lililokanyagwa!

Niligeuza vis, zile skrubu zinazoshika kioo, nikapima, nikageuza tena. Wateja wakaanza kunikimbia. Papa Dorcas alisimama mlangoni akicheka: "Mama Dorcas, unageuza vis kama unakoroga fufu! Kioo iko sawa. Mikono yako njo mubaya."

Nilimwamini... Nani hamwamini bwana yake? Nikafungua kifuniko huku mashine inawaka, nikainama nione mwanga unagonga wapi. Yeye alikuwa pale pale. Aliniangalia tu.

Mwanga ukanipiga jichoni. Maumivu yale! Jicho la kushoto halijaona tena mpaka leo.

Nikiwa bado na bandeji, jirani yangu Mama Aziza akaingia na faire-part mkononi. "Yaya, dada yangu mkubwa, umeanza tena kazi bila kutuambia? Angalia, iko muzuri!" Yeye, kama mtaa mzima, alimjua bwana yangu kwa jina la Papa Dorcas tu.

Sikusoma majina kwanza. Niliangalia mkato. Urefu safi, upana safi, O duara kabisa... Kioo changu!

Ndipo nikasoma jina la bwana harusi. Ni lile lililo kwenye cheti changu cha ndoa!

Baadaye nilijua yote: alikuwa amekipeleka kioo Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye mashine ya bibi mwingine, yule aliyetaka kumuoa, akaniwekea cha kawaida chenye rangi ile ile. Alijua ninatafuta kitu kisichokuwepo, na aliniacha niiname!

Dada zangu, kazi ikiharibika ghafla, msikimbilie kujihukumu. Zimeni mashine, iteni fundi. Na anayewaambia mikono yenu ndiyo mibaya, muulizeni yake ilipita wapi. Mimi somo hili nimelilipia kwa jicho... ninyi, nawasihi, lisomeni kwa macho yote mawili.