Ukuta wa Nyuma

Kila asubuhi Prisila alifagia zahanati ya Kasolwe, na kila asubuhi alijaza karai la vumbi jekundu. Halikuwa vumbi la miguu ya wagonjwa. Ilikuwa tofali, inamomonyoka yenyewe chini ya ukuta wa mbele.

"Baba, ukuta umetapika tena," alimwambia mzee Lyamba aliporudi nyumbani.

"Uache utapike. Wenye zahanati yao wanautazama tu."

Nyumba yao ilikuwa jirani na zahanati, mwendo wa kuita mtu akaitika. Prisila alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mume wake alikuwa kule Ikola, ziwani, kwenye kazi ya dagaa.

Kasolwe ni mji mdogo, njiani ukitoka Mpanda kwenda ziwani. Zamani ulikuwa na majengo matatu ya watu wote: baraza la kesi, ghala la mazao, na zahanati. Yote yalijengwa kabla ya Uhuru, kwa tofali za kuchoma na chokaa. Baraza lilipoanza kumomonyoka, wakubwa walisema, "Bomoeni, tutajenga jipya." Likabomolewa. Leo mbuzi wanalala pale. Ghala nalo likaambiwa maneno yale yale. Leo imebaki sakafu, watu wanaanikia mahindi.

Ikabaki zahanati. Zikaja mvua za El Nino, mwaka tisini na saba kuingia tisini na nane. Wodi ya wazazi, upande wa mbele, ikaangusha plasta, ikafungwa kwa kufuli. Mwezi wa kwanza, Pudensiana, mke wa Lyamba, akashikwa na uchungu. Walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka Mpanda. Maili ishirini, matope mpaka magotini. Damu haikungoja barabara. Alifia njiani, na mtoto wake hakupona.

Tangu siku ile Lyamba hakumsalimia kiongozi yeyote.

Mwezi wa sita likabandikwa tangazo. Prisila alimsomea baba yake. Mtendaji wa kata, Bwana Silvesta, anaita mkutano Jumamosi. Zahanati imezeeka, itabomolewa.

"Na mimi nitajifungulia wapi?" Prisila aliuliza.

 Lyamba alitoka nje akatema mate.

Siku ya soko Lyamba alimkuta mtu amechuchumaa kwenye ukuta wa zahanati, anaukwangua kwa kisu. Alikuwa Callixte, mzee wa Kirundi kutoka makazi ya wakimbizi. Alikuja kuuza maharage, na kibali chake cha siku tatu cha kutoka makazini.

"We Mrundi! Acha ukuta wetu. Unaanguka wenyewe, hauhitaji msaada wako."

"Shikamoo ni bure, mzee mwenzangu," Callixte alisema bila kuinuka. "Mimi ni fundi. Kule kwetu mapadri walinifundisha kazi hii kabla sijaota ndevu. Ukuta wako haukuzeeka. Umezibwa. Umeshafika kule nyuma?"

"Nyuma kuna nini? Kuna nyasi."

"Twende kwenye nyasi."

Walizunguka. Ukuta wa nyuma ulikuwa na plasta nyeupe ya zamani, chafu, lakini nzima. Callixte aliugonga kwa ngumi. Haukutoa hata punje. Akabandua kipande kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha Lyamba.

"Unaona nini humo?"

Lyamba alisogeza macho. Ndani ya chokaa kulikuwa na kipande cha gamba la konokono wa ziwani.

Alikigeuza kwenye jua. Halafu akasema, "Baba mkwe wangu aliyabeba haya kutoka Ikola, kichwani, yeye na wenzake. Waliyachoma hapa hapa kwenye tanuru wakapata chokaa. Pudensiana alikuwa anasimulia."

"Basi sikiliza. Mvua ni ile ile, tofali ni zile zile. Mbona huu mzima na wa mbele mgonjwa?"

"Niambie wewe fundi."

"Tofali ya zamani inanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Plasta ya chokaa inayaacha yatoke, jua likiwaka ukuta unakauka. Simenti haiyaachi. Maji yanabaki ndani, yanapanda, yanaozesha tofali. Huko mbele nani alipiga simenti?"

Lyamba alitazama chini. Mwaka themanini na sita alikuja mgeni mkubwa. Ikaletwa simenti, majengo yote matatu yang'ae. Watu wakaitwa kwenye msaragambo, kazi ya wote bila malipo.

"Mimi," alisema. "Wodi ya wazazi niliipiga kwa mkono wangu. Lakini niliagizwa! Aliyeniagiza yuko wapi? Alipandishwa cheo akahama. Mimi nimebaki na kaburi."

 Callixte akauliza taratibu, "Na huku nyuma, mbona hukupiga?"

"Mgeni asingepita huku."

Callixte alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Lyamba naye akacheka, kicheko kichungu kama shubiri. Ukuta mmoja ulipona kwa sababu wakubwa hawakupita hapo.

Jumamosi watu walijaa. Bwana Silvesta alisimama.

"Ndugu wananchi, kila kitu kina mwisho. Injinia amesema jengo limezeeka."

Callixte alinyoosha mkono.

"Wewe mkimbizi huna sauti hapa. Kaa chini."

"Basi mnisikilize mimi mwenye sauti," alisema Lyamba. Alitoa tofali mbili kwenye gunia. Ya ukuta wa mbele aliiminya, ikawa unga. Ya ukuta wa nyuma aliigonga kwa jiwe, ikalia nga!

"Hizi zilichomwa mwaka mmoja. Hii imezeekaje, na hii imebaki kijana?"

"Ndugu wawili, mmoja kaolewa vibaya!" mama mmoja alidakia. Watu wakaangua kicheko.

"Mzee," Silvesta alisema, "wewe umeishia darasa la tatu. Utampinga injinia?"

"La tatu, ndiyo. Injinia wenu alishuka kwenye gari? Kule nyuma alifika?"

Silvesta alifungua faili, akalifunga.

"Baraza mlisema mtajenga. Liko wapi? Ghala liko wapi? Mkitaka kubomoa hii, jengeni mpya kwanza. Jenga kwanza, bomoa baadaye. Mimi ndiye niliyeziba ule ukuta, na mimi nitauzibua. Huyu Mrundi atanionyesha. Mwandikieni barua aongezewe kibali."

Watu walipiga makofi mpaka Silvesta akaomba kalamu.

Kazi ilianza wiki ile. Walibandua simenti polepole, wasivunje tofali. Waliondoa udongo uliorundikana ukutani. Walichimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali. Halafu Callixte akasema, "Sasa mikono mfukoni. Ukuta ukauke." Ukakauka miezi miwili ya kiangazi.

Lori la dagaa lilileta magunia ya magamba kutoka Ikola. Waliyachoma kwa kuni, wakayatia shimoni na kuyamwagia maji. Shimo likachemka kama sufuria.

"Rudini nyuma!" Callixte alifoka. "Chokaa mbichi inapofua macho. Watoto wasisogee hapa kabisa."

Wiki tatu chokaa ilikaa ndani ya maji. Tofali zilizooza waliziondoa, wakaweka nzima. Wakachanganya chokaa na mchanga, karai moja kwa matatu. Wakapiga plasta nyembamba, tabaka juu ya tabaka, wakaifunika kwa magunia mabichi isikauke haraka.

Mwisho wa mwezi wa tisa kufuli ilitolewa. Silvesta alihutubia: uongozi umeokoa zahanati. Jina la Callixte hakulitaja. Lyamba alikuwa anapaka chokaa ya mwisho pembeni.

"Mwakani kabla ya masika ipakwe tena," alisema kwa sauti. "Kila mwaka. Hotuba haizuii maji."

Mwezi wa kumi, asubuhi, Prisila alishikwa na uchungu. Aliondoka kwa miguu yake, khanga begani, akaingia wodini. Nesi Matilda akafunga mlango. Lyamba aliambiwa angoje nyumbani.

Alikaa kizingitini. Jua lilipopanda juu ya paa la zahanati, akasikia mtoto analia. Halafu sauti ya Prisila: "Baba! Wa kike!"

"Naam!" aliitika.

Mwendo wa kuita mtu akaitika, hauzidi hapo. Mama yake Prisila alipelekwa maili ishirini, hakufika.