Jino la Pantaleo na Mfupa Unaolibeba

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yalianguka Buseresere. Pantaleo alikunywa chai upande mmoja wa mdomo. Tangu ang'olewe jino la juu, nyuma ya chonge, nyama choma alikuwa akiitazama tu.

"Leo napandikiziwa jino la dhahabu," alimwambia mkewe, Klara. "Nitaomba liinamishwe kidogo kwa nje, ling'ae nikicheka. Nimechimba dhahabu miaka ishirini bila kuivaa."

"Watu watakuja kukuona wewe au jino?" Klara aliuliza. "Twende, basi litatuacha."

Kliniki ya meno ilikuwa Geita mjini. Daktari Zuhura alimwamkia, akalisikiliza ombi lake, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, mzizi wa jino hili ni skrubu nitakayoikaza ndani ya mfupa wa taya. Mgodini unafanya kazi gani?"

"Nasimika matimba, yale magogo yanayozuia duara, shimo la kuchimbia, lisiporomoke."

"Gogo likiinama?"

"Linagandamiza ukuta sehemu moja. Ukuta unamomonyoka, gogo linalegea."

"Basi mfupa ndio ukuta wako. Skrubu ikiinama, kila ukitafuna inausukuma mfupa upande mmoja, hasa karibu na ufizi. Mfupa ukielemewa mno hupungua, na skrubu huweza kulegea. Ikisimama wima katikati ya mfupa, mzigo husambaa."

"Niliwahi kumfukuza mtu duarani kwa gogo lililoinama," Pantaleo alisema.

"Leo ungejifukuza mwenyewe," Klara alisema.

"Isimamishe wima, daktari. Kesho nitafune."

"La. Subiri miezi minne, mfupa uishike skrubu. Ndipo nitaivika jino."

"Matimba yangu hubeba mzigo siku hiyohiyo."

"Ukuta wa duara hauoti, mzee. Mfupa unaota."

Siku hiyo daktari aliikaza skrubu wima, na Pantaleo akasubiri. Kila siku alisafisha kinywa kama alivyoelekezwa, na upande ule hakuutafunia kitu kigumu. Mwezi Julai picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeishika skrubu sawasawa. Daktari akaivika jino la dhahabu. Halikuonekana mpaka Pantaleo acheke sana, naye siku hizo alicheka sana.

Wiki mbili baadaye alimpelekea Zuhura jogoo.

"Nina deni lako, daktari. Ungenitii, ningeharibikiwa."

"Huna deni, mzee. Matibabu ulishayalipia, na miezi minne uliivumilia mwenyewe. Rudi na jogoo wako. Sasa una jino la kumtafunia."